Egemeo la Mkuyu wa Kituoni

Hebu nikuulize wewe unayesoma: ukipita njiani ukakuta tawi la mti limeinama mpaka linakaribia vichwa vya watu, utafanya nini? Wako watakaoinamisha shingo wakapita. Wako watakaolipiga picha kwa simu na kuituma kwa wakubwa. Mama Chibalonza yeye alitafuta panda.

Panda, kwa ambaye hajaishi na migomba, ni kipande cha mti chenye vidole viwili juu. Kwao Mama Chibalonza, milimani huko juu ya Bukavu, hukosi panda zimeegemezwa ukutani zikingoja kazi. Mkungu ukinenepa, mgomba huelemewa, huanza kulala upande. Basi unaupa panda, nao unasimama mpaka siku ya kuvuna. Na huulizi mgomba ni wa nani. Ukipita kwa jirani ukaona wake unalala, unauegemeza, unajipangusa mikono, unaendelea na safari yako. Hutangazi. Kutangaza ni sawa na kudai asante.

Lakini sasa hakuwa milimani. Alikuwa Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney, katika ghorofa ya matofali mekundu alimoishi mwanawe Mirindi na mkewe Nabintu na binti yao Bénie. Na mti wenyewe haukuwa mgomba. Ulikuwa mkuyu, mzee kuliko nyumba zote za mtaa, umesimama kwenye kona palipo kituo cha basi. Mizizi yake ilipanda juu ya ardhi kama kuta za nyumba iliyobomoka, ikapasua njia ya waenda kwa miguu. Matunda yake madogo yaliiva, yakaanguka, yakakanyagwa, yakawa kama jemu iliyomwagika. Jua likielekea kuzama walikuja popo wakubwa, wakagombania matunda kwa kelele za walevi, na asubuhi kila gari lililolala pale lilikuwa na madoa. Chini ya mkuyu huo palikuwa na benchi la mbao. Hapo ndipo Mama Chibalonza alipokula chakula chake cha mchana, siku zote zisizokuwa za mvua.

*

Usidhani nyumbani hapakuwa na meza. Ilikuwepo, tena ya watu sita. Upande mmoja Nabintu alirundika nguo zilizofuliwa, upande wa pili Bénie aliweka kompyuta yake ya shule, na katikati palikaa bakuli la funguo na kadi za basi. Mirindi aliendesha lori la makontena. Alitoka kabla ndege hawajaamka kwenda bandarini Port Botany, akarudi na macho mekundu, akala amesimama kando ya maikrowevu huku akitazama simu. Nabintu alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alitoka wenzake wakirudi. Bénie alikula kitandani. Mama Chibalonza alipika sufuria moja, na sufuria ile moja iligawanywa katika vikopo vya plastiki vyenye vifuniko, kila mtu na kikopo chake, kila mtu na saa yake.

"Mama, kula tu, usitungoje," Nabintu alimwambia siku moja akifunga viatu vyake vya kazi.

"Niko nangoja kwanza ipoe."

"Imepoa tangu asubuhi, mama."

"Basi niko nangoja ipate moto."

Nabintu alicheka, akambusu shavuni, akachukua mkoba. Mlangoni mama mkwe wake akamuuliza lile swali ambalo alimuuliza kila aliyetoka.

"Unarudi saa ngapi?"

"Usiku, mama. Ulale tu."

Kwao mzazi haombi kwa mtoto wake kitu cha moyoni. Ataomba chumvi, ataomba apelekwe hospitali. Cha moyoni hukizungukia. Huuliza saa, huuliza njia, mpaka mtoto aelewe mwenyewe. Lakini mtu aliyeulizwa saa hujibu saa.

Basi alifunika sahani yake kwa kitambaa, akashuka ngazi akishika ukuta, akaenda kukaa benchini. Pale basi zilileta watu. Mtu alikaa, akatoa simu, akainuka. Wengi hawakumtazama. Lakini walikuwa watu, mabega yao yalikuwa karibu na bega lake, na mara mojamoja mtu alisema neno juu ya joto, naye akajibu "yes, yes" na kutikisa kichwa kama aliyeelewa.

Mmoja tu ndiye aliyezungumza naye kweli. Huyo ni Abigail, nesi Mkenya wa ghorofa ya jirani, mwenye mtoto mchanga wa kiume kwenye kigari. Alimpeleka mtoto kwa mlezi halafu akaenda zamu ya mchana.

"Mama Chiba! Leo tumepika nini?"

"Sombe. Tia mkono."

"Aki mama, nitachelewa. Basi hiyo, imefika kwa taa."

"Basi ziko nyingi. Sombe iko moja."

Abigail akatia mkono. Alimega bonge moja la ugali, akachovya kwenye majani yale ya muhogo, akafumba macho. Alikula haraka kama mwizi, akajifuta kwa kitambaa cha mtoto, akapanda basi akipunga mkono. Mama Chibalonza alikitazama kile kishimo alichoacha kwenye ugali, halafu akala akianzia hapo.

*

Mashaka yalianza siku ya joto kali isiyokuwa na upepo hata wa kupeperusha karatasi. Tawi la upande wa barabara lilikatika lenyewe, likaangukia gari lililokuwa limeegeshwa, likalikunja paa. Ndani hamkuwa na mtu. Kesho yake watu wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, walikuja na ngazi, wakagonga shina kwa nyundo ya mbao na kusikiliza kama madaktari, wakapiga alama ya rangi nyeupe kwenye tawi lingine nene lililopita juu ya benchi, wakabandika tangazo.

Mirindi alilisoma siku yake ya mapumziko, mama yake akiwa kando.

"Wanasema mti umezeeka. Wanauliza watu: ukatwe wote, ama upunguzwe?"

"Na benchi?"

"Wakikata mti watatengeneza kona yote upya, mama. Benchi nayo itaenda."

Mama Chibalonza alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena, na Mirindi akaona machozi yanateremka katika mikunjo ya uso wake. Alishtuka. Hakuwa amemwona mama yake akilia tangu walipofika nchi hii. Mara moja akajijibu mwenyewe: mti huu unamkumbusha nyumbani. Na kwa kuwa kwa muda mrefu alikuwa akihisi deni asilojua alilipe vipi, alishukuru moyoni kwamba sasa limekuja na jina.

"Usilie, mama. Hawataukata. Mimi niko."

Akajiunga na kikundi cha mzee Ron, Mzungu aliyezaliwa mtaa uleule, ambaye alikuwa amebandika karatasi madukani kuutetea mkuyu. Mirindi alianza kuzikataa zamu za Jumamosi. Jumamosi hizo alimshika mama yake mkono, wakapita mlango kwa mlango kuomba saini. Watu waliomfungia yeye mlango walimfungulia aliposimama na bibi mwenye kilemba.

"This is my mother," alisema. "The tree is like family for her."

Mzee Ron alitaka picha. Wakamsimamisha Mama Chibalonza kati ya mizizi.

"Weka mkono kwenye shina, mama. Sasa weka shavu. Cheka kidogo."

Alicheka. Siafu wa mkuyu walimuuma shingoni, na harufu ya popo ilimjaa puani, lakini alicheka, kwa sababu mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake akimrekebishia kilemba. Baadaye Mirindi alinunua samaki na viazi vya kukaanga, wakakaa benchini, wakafungua karatasi moja magotini, wakala kwa vidole. Mirindi alimsimulia habari za bandarini, jinsi dereva mmoja alivyolala kwenye foleni ya malori mpaka walinzi wakagonga dirisha kwa fagio. Mama alicheka mpaka akakohoa. Aliomba moyoni kaunsili wachelewe kuamua.

Nabintu hakupenda mambo hayo, na alisema.

"Bénie anapita pale kila siku kwenda shule. Siku tawi likimwangukia, utaenda kukusanya saini za nani?"

"Haitaanguka. Mzee Ron anasema mti una nguvu bado."

"Mzee Ron hana mtoto wa kupita pale. Mimi kila siku nainua wazee walioanguka tu bafuni, Mirindi. Mtu ni kitu chepesi sana kuvunjika." Kisha akageuka. "Mama, unisamehe. Siongei vibaya juu ya mti wako."

"Hapana, mwanangu," Mama Chibalonza alisema. "Uko unaongea ukweli."

Na alikuwa anaamini hivyo. Lakini Jumamosi ilikuwa inakaribia.

*

Tawi lile la alama nyeupe lilizidi kushuka. Pengine lilishuka kweli, pengine ni macho ya bibi aliyekaa chini yake kila siku. Alisikia kwa Bénie kwamba watu wa kaunsili watarudi kulipima, na likionekana limeshuka watalitoa na benchi litafungwa.

"Will they take your chair, koko?" mjukuu alimuuliza bibi yake.

"Hawataichukua," alimjibu kwa Kiswahili.

Wiki hiyo mtaa ulitoa takataka kubwa. Magodoro, viti vilivyovunjika, televisheni za zamani, vyote vilirundikwa kando ya barabara vikingoja gari la taka. Katika rundo moja palikuwa na matawi ya mkaratusi yaliyokatwa bustanini kwa mtu, na katikati ya matawi hayo Mama Chibalonza aliiona panda. Nzuri, nyoofu, nene kama mkono wa mwanamume, na vidole vyake viwili vimekaa sawasawa. Moyo wake uliruka kama wa mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Aliiburura mpaka kituoni kwa kigari chake cha kubebea vitu vya duka, akipumzika kila nguzo.

Aliipima kwa jicho. Ilitosha. Gome la mkuyu ni laini, na panda kavu huchubua. Kwao wangeweka majani makavu ya mgomba. Yeye alipanda nyumbani, akachukua kitenge chake cha wanawake wa kanisa, cha bluu chenye ndege wa njano, akakata utepe kwenye upindo wa chini. Aliuzungusha kwenye vidole vya panda, akaufunga mafundo mawili. Akasimama juu ya benchi, akaisogeza panda chini ya tawi, akashuka, akagonga mguu wake kwa jiwe mpaka ukakaza kwenye udongo kati ya mizizi miwili. Alirudi nyuma akatazama. Tawi lilikuwa limelala juu ya panda kama kichwa juu ya mto.

Akajipangusa mikono. Hakumwambia mtu.

*

Mtu aliyezoea Sydney anajua: baada ya siku ya joto la kuunguza, upepo wa kusini huja ghafla, baridi, ukigonga milango. Ulikuja mchana, watu wakiwa kituoni. Mkuyu ule mkubwa uliyumba kidogo tu, lakini kidogo cha mti kama ule ni kingi. Tawi liliinuka, panda ikabaki haina kazi, ikasimama peke yake kama mlevi anayefikiri, halafu ikaanguka.

Mama Chibalonza alikuwa anavuka barabara na sahani yake. Aliona Abigail akirusha mkono mbele ya kigari. Alisikia panda ikigonga mfupa.

"Mtoto! Muangalie mtoto!" Abigail alipiga kelele akiwa chini.

Mtoto alikuwa mzima, analia kwa hasira tu. Mama Chibalonza alipiga magoti, sahani imemwagika nyuma yake, akamtoa mtoto kwenye kigari, akambana kifuani. Mkono wa Abigail ulikuwa umeinama mahali ambapo mkono hauinami. Alikuwa anahema, anajihesabia pumzi kama anavyowahesabia wagonjwa, na macho yake yalitua kwenye ile panda iliyolala kando yake. Yalitua kwenye ndege wa njano. Yakapanda polepole mpaka usoni kwa Mama Chibalonza.

Ambulansi ikaja.

Jioni ile kona ilizungushiwa utepe wa plastiki. Siku iliyofuata Mama Chibalonza alipika uji wa ulezi, akaupeleka mlangoni kwa Abigail. Alifungua Mugambi, mumewe, taulo begani na chupa ya maziwa mkononi.

"Amelala, mama. Kifundo cha mkono kimevunjika mahali pawili. Kazi hakuna mpaka sijui lini."

"Nimshikie mtoto kidogo?"

"Tutasaidiana tu. Asante kwa uji."

Alipokea kikopo, akafunga mlango taratibu. Asubuhi kikopo kilikuwa kwenye zulia la mlangoni kwa Mirindi. Kilikuwa kimeoshwa, kikakaushwa, kifuniko kimebanwa vizuri. Ndani hamkuwa na kitu. Wewe unajua, na Abigail alijua, maana Mkenya na Mkongo hawatofautiani katika hili: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hata yai moja. Hata chumvi kwenye karatasi. Mama Chibalonza alikiinua, akakitikisa kidogo karibu na sikio, akakirudisha kabatini nyuma ya vingine.

*

Mkutano wa kaunsili na wakazi kuhusu mkuyu ulifanyika ukumbini Jumamosi mchana. Mama Chibalonza alivaa kitenge cha bluu, kwa kuwa ndicho kizuri alichokuwa nacho, na upindo alikuwa ameushona upya kwa mkono. Walikaa safu ya tatu. Mbele yao walikaa Abigail na Mugambi, mkono wa Abigail umefungwa plasta nyeupe, mtoto amelala kwenye paja la baba yake.

Aliyesimama mbele ni mtaalamu wa miti wa kaunsili, mwanamke wa nywele fupi, buti zake zina vumbi. Mirindi alimtafsiria mama yake kwa kumnong'oneza.

"Anasema hapendi kukata mti wa namna hii. Anasema ameshika msumeno mara nyingi, na hakuna mara alilala vizuri. Lakini anauliza, akikosea, ataenda kumwambia nini mzazi wa mtoto?"

"Anaongea vizuri," Mama Chibalonza alisema.

"Mama, yule si upande wetu."

Abigail alisimama kidogo tu. Alisema alipenda kivuli kile, kwamba yeye mwenyewe alikulia kati ya miti, lakini kama asingeinua mkono, kingepigwa kichwa cha mwanawe. Alisema hivyo, akakaa. Mzee Ron alimtazama Mirindi kwa jicho la kumwambia: sasa ni zamu yako.

Mirindi alisimama. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, mikono mifupi kwake siku hizi. Kiingereza chake hakikuwa kizuri, lakini alikuwa amejifunza maneno yale ndani ya lori. Alisema pole kwa dada Abigail. Alisema mti haukumpiga mtu. Sauti ikampanda, akaonyesha kidole hewani. Watu wa upande wa mzee Ron wakapiga makofi. Alipokaa alikuwa anatabasamu.

"Umesema nini?" mama yake aliuliza.

"Nimesema mti hauna kosa. Kosa ni la mpumbavu mmoja aliyesimamisha gogo juu ya vichwa vya watu. Nimesema huyo ndiye watafute, wamfunge."

Mama Chibalonza alitazama mikono yake.

Mbele, mtaalamu wa miti aliwasha picha ukutani. Kwanza shina. Halafu ufa kwenye tawi. Halafu ile panda, imelazwa kwenye meza, kubwa kama mtu, na kwenye vidole vyake utepe wa bluu wenye ndege wa njano, na mafundo mawili. Watu wengine walicheka kidogo, kwa kuwa ilionekana kama gogo lililovaa kilemba. Mtaalamu aliuliza kama kuna anayejua ni kazi ya nani.

Mirindi alikuwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu lilibaki mdomoni peke yake. Alishusha macho kwenye goti la mama yake, akawafuata ndege wa njano mpaka chini, mpaka kwenye upindo ulioshonwa kwa mkono, ambao sasa uliishia juu ya vifundo vya miguu. Mama yake alivuta mfuko wake wa mkononi taratibu, akaufunikia hapo.

Mtaalamu alirudia swali, safari hii akimtazama Abigail. Abigail hakugeuka. Shingo yake tu ndiyo iliyokakamaa.

"No," alisema. "I don't know."

Mirindi hakusimama tena mchana ule. Alikaa ameinamisha kichwa, masikio yamewaka, na kila mtu aliyempita alimgonga bega kumpongeza kwa maneno yake mazuri.

*

Uamuzi ulitoka, na kila mtu aliridhika nao. Mkuyu hautakatwa. Matawi mazito yatapunguzwa, lile la alama nyeupe litaondolewa, na mti wote utazungushiwa fensi ya chuma ili mtu asipite wala kukaa chini yake. Kituo cha basi kitahamishiwa mbele, karibu na kituo cha petroli. Benchi litaondolewa. Gazeti la mtaa lilitoa picha ya Mama Chibalonza ameweka shavu kwenye shina, na mzee Ron alileta nakala tatu na keki.

Mirindi alirudi kwenye zamu za Jumamosi. Alikula amesimama. Mama Chibalonza alikwenda mara moja kwenye kituo kipya. Kilikuwa na chuma chembamba cha kuegemea, si cha kukalia, na magari ya petroli yalinguruma mpaka mtu hasikii basi likija. Alirudi na sahani yake imefunikwa vilevile. Siku nyingine alisimama kwenye fensi. Ndani, mahali pa benchi, palikuwa na mstatili wa udongo uliopauka, na matunda yameanza kuufunika.

Jumapili moja baada ya kanisa wote wanne walikuwa nyumbani. Nabintu alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Bénie alikuwa chumbani, mlango wazi. Mirindi alichukua funguo kwenye bakuli, akitaka kwenda kuangalia mafuta ya lori. Mama yake alikuwa jikoni na kifuniko cha sufuria mkononi.

"Unarudi saa ngapi?" aliuliza.

Mirindi alisimama. Akazirudisha funguo bakulini, zikalia.

"Usiniulize narudi saa ngapi, mama. Sijatoka bado." Sauti yake ilikuwa chini. "Nimekataa kazi kwa sababu ya ule mti. Nimegombana na mke wangu kwa sababu ya ule mti. Nimesimama mbele ya watu nikamwita mama yangu mpumbavu. Dada wa watu amevunjika mkono, amedanganya kwa ajili yetu, na hatusalimii tena. Na mti umebaki. Tumeshinda, si ndiyo? Mbona huendi hata kuutazama kwa furaha? Niambie basi. Ulikuwa unataka nini na ule mti?"

Nabintu aliinua pasi, akaishikilia hewani.

Mama Chibalonza alitazama kifuniko, tone la maji likiteleza ukingoni. Alikuwa na swali lingine tayari, la njia, la mvua, la mafuta ya lori. Alilimeza.

"Ule mti hata siupendi," alisema.

"Unasema?"

"Siupendi. Iko na harufu ya popo. Siku ya picha siafu wameniuma mpaka nikakosa usingizi."

Nabintu aliguna kicheko, kikamkwama.

"Kwenda kwa Abigail nitaenda," Mama Chibalonza aliendelea. "Nitamwambia mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, hata kama atafunga mlango. Hiyo ni yangu. Lakini wewe umeniuliza ile nilikuwa nataka." Aliweka kifuniko chini. Kwa mkono mmoja alianza kusogeza rundo la nguo zilizofuliwa, polepole, mpaka mbao ya meza ikaonekana, pana kama sahani moja kubwa. "Pale benchini watu walikuwa wanakaa. Hawakunijua, lakini walikaa. Halafu weye ukaanza kutembea na mimi Jumamosi, tukakula ile samaki kwenye karatasi moja, na mimi nikasema moyoni, wacha huu mti wa watu uendelee kuugua. Sikutaka mti, Mirindi. Nilitaka mtu wa kula naye. Hapa ndani. Ukae, nikae, tutie mikono kwenye sahani moja."